Kurithiwa Angali Hai

Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Wabunge Wanaowakilisha Wazee, Bunge la Uganda, Kampala

Nakala: Wizara ya Sheria na Katiba, Ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu

Waheshimiwa Wabunge,

YAH: PENGO LA SHERIA KATI YA UZIMA NA KIFO CHA MZEE

Sheria za Uganda zinamtambua vyema mzee katika hali mbili. Ya kwanza ni pale anapokuwa na akili timamu, ambapo anaweza kuuza, kununua, kutoa zawadi na kuandika wosia apendavyo. Ya pili ni pale anapokuwa amekwisha kufariki, ambapo mali yake huingia katika mirathi, yaani utaratibu wa kisheria wa kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake na kuwagawia warithi kinachobaki. Hali ya tatu ni ya mzee aliye hai lakini kumbukumbu imeanza kumtoka, au aliyepatwa na kiharusi akapoteza kauli, na sheria imemwachia huyo mlango mmoja tu, mwembamba na wa gharama, ambao familia nyingi hazijui hata kama upo. Barua hii inaelekezwa kwa wabunge wanaoshika viti vitano vya wazee, vilivyojazwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021, kwa sababu pengo hilo linawagusa wapiga kura wao kuliko raia wengine wote, na kwa sababu Bunge ndilo lenye uwezo wa kuliziba.

Haki inadai kwanza kukiri kazi iliyokwisha kufanyika. Sheria ya Mirathi, iliyotungwa mwaka 1906 chini ya utawala wa Uingereza na kurekebishwa mwaka 1972, kwa miaka mingi ilimweka mwanamume mbele ya mwanamke katika urithi, na ilimnyima mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba ya ndoa pindi alipoolewa tena. Tarehe 5 Aprili 2007 Mahakama ya Katiba, katika shauri lililofunguliwa na asasi ya Law and Advocacy for Women in Uganda, ilibatilisha vifungu kadhaa vya sheria hiyo kwa kuwa vilipingana na usawa unaolindwa na Katiba ya 1995. Ilichukua miaka 15 kwa Bunge kuijaza nafasi iliyoachwa na hukumu ile, na ndipo ikaja Sheria ya Marekebisho ya mwaka 2022. Kwa sheria hiyo, marehemu asiyeacha wosia akiwaacha nyuma mwenzi wa ndoa, wazao, ndugu wategemezi na mrithi wa kimila, mwenzi hupata asilimia 20 ya mali badala ya 15 za zamani, wazao hubaki na asilimia 75, ndugu wategemezi hupata 4 na mrithi wa kimila 1, huku nyumba kuu ya makazi ikiwekwa kando ya mgawanyo huo ili mwenzi na watoto wasitupwe nje. Kumfukuza mjane katika nyumba hiyo sasa ni kosa la jinai.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina upande ambao haukujadiliwa vya kutosha. Neno "ndugu mtegemezi" katika sheria hii linajumuisha mzazi, babu au bibi ambaye, siku ya kifo cha marehemu, alikuwa akimtegemea kabisa au kwa sehemu kubwa kwa mahitaji ya kawaida ya maisha. Kabla ya 2022 fungu la wategemezi lilikuwa asilimia 9; limeshushwa hadi 4. Kuongeza fungu la mjane lilikuwa jambo la haki lililocheleweshwa mno, lakini nyongeza hiyo ilitolewa katika sahani ya wategemezi, na miongoni mwao yumo mama wa miaka 80 aliyetunzwa na mwanawe wa pekee jijini, ambaye sasa amemzika mwana huyo na analazimika kugawana asilimia 4 na wengine wote wanaostahili kuitwa wategemezi. Serikali humpa mzee aliyefikisha miaka 80 ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwezi chini ya mpango unaojulikana kama SAGE. Ruzuku hiyo ina maana kwa mpokeaji, lakini haiwezi kushika nafasi ya mtoto aliyekuwa akilipa dawa, chakula na kodi ya nyumba.

Pengo kubwa zaidi, hata hivyo, halimo ndani ya mirathi, bali limekaa kabla yake. Kwa ajili ya marehemu, nchi imeandaa ofisi, faili na fomu: ndugu huripoti kifo kwa Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ni afisa wa Wizara ya Sheria anayesimamia mali za marehemu kwa niaba ya umma; hupeleka cheti cha kifo, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa ambalo ndilo ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, pamoja na kumbukumbu za kikao cha familia; kisha hupewa cheti cha kutokuwa na pingamizi, ambacho huwawezesha kuiomba mahakama barua ya usimamizi wa mirathi. Utaratibu huo ni mrefu na una wanaoulalamikia, lakini upo, na kila karani anaujua. Kwa mzee ambaye bado anapumua na hajitambui, hakuna karani anayejua amwelekeze wapi mwanawe.

Uzito wa jambo hili huonekana ukishushwa hadi kwenye maisha ya kila siku. Na uchukuliwe mfano wa mjane wa miaka 82 anayeishi Kawempe, kaskazini mwa Kampala, mwenye nyumba yake na safu ya vyumba sita vya kupangisha, ambavyo watu wa Kampala huviita mizigo. Kwa miaka 20 kodi ya vyumba hivyo imeandikwa kwa mkono wake katika daftari la shule. Sasa daftari hilo limeanza kusema kabla ya daktari: mwezi Machi umeandikwa mara mbili, Aprili haumo kabisa, mpangaji wa chumba cha tatu anadaiwa fedha alizokwisha kulipa na yule wa chumba cha tano amesamehewa bila kuomba. Siku mama huyo anapolazwa katika hospitali ya Mulago, fedha za matibabu zipo, lakini zipo benki kwa jina lake, na sahihi anayotia kwa mkono unaotetemeka hailingani tena na ile iliyomo katika kumbukumbu za benki. Keshia anayekataa kutoa fedha hizo anafanya kazi yake ipasavyo, kwa kuwa hana njia ya kujua kama kijana aliyesimama mbele yake ni mtoto anayeuguza au mtoto anayepora.

Hapo familia hugawanyika katika njia mbili, na zote ziko nje ya sheria. Mtoto mwema huchukua simu ya mama, hutumia namba yake ya siri kutoa fedha zilizomo, na hukusanya kodi kwa wapangaji bila idhini ya maandishi ya mtu yeyote. Siku ndugu zake watakapomshuku hatakuwa na karatasi ya kumtetea. Mtoto mwenye tamaa huleta mnunuzi. Makubaliano ya mauzo ya kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima katika ardhi ya mailo, mfumo wa umiliki uliotokana na Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900, mara nyingi huwa karatasi moja au mbili zilizoandikwa kwa mkono, zikawekwa majina ya mashahidi na mhuri wa LC1, na chini kabisa dole gumba la muuzaji katika wino wa buluu. Dole gumba halionyeshi kama mwenye nalo aliielewa karatasi iliyosomwa, wala kama ilisomwa. Miaka miwili baadaye, mama akifariki, warithi huenda kwa Kabidhi Wasii Mkuu kudai nyumba ambayo kwa maandishi ilikwisha kuuzwa na marehemu mwenyewe. Mzee huyo alirithiwa angali hai, na sheria nzuri ya 2022 imefika baada ya mali kuondoka.

Swali la kwanza ambalo mwanasheria huulizwa katika hali hii ni kama mama hawezi kumpa mmoja wa watoto hati ya uwakilishi, yaani waraka ambao mtu humpa mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake katika mambo ya ardhi, benki au biashara. Anaweza, na watu wengi wa Kampala wanaoishi ughaibuni huwapa ndugu zao hati za namna hiyo kila mwaka. Lakini kwa kanuni ya sheria ya uwakilishi, mamlaka ya mwakilishi yanatokana na akili ya aliyemtuma, na akili hiyo ikiondoka, mamlaka nayo hukoma. Hati hiyo basi humtumikia mzee wakati wote ambao haihitaji sana, kisha hufa siku anapoihitaji. Uingereza, ambako kanuni hiyo ilitoka, iliiona kasoro hii na kuirekebisha kwa sheria ya mwaka 1985, iliyoruhusu hati inayodumu hata baada ya aliyeitoa kupoteza uwezo wa akili, kisha ikaiboresha kwa Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005, ambayo imepanua mamlaka hayo hadi kwenye maamuzi ya matibabu na matunzo. Uganda ilirithi kanuni ya zamani, lakini haijatunga sheria ya kuponya kasoro yake.

Mlango mwembamba uliotajwa mwanzoni ni sheria iliyobaki kutoka zama za ukoloni, inayohusu usimamizi wa mali za watu wasio na akili timamu, ambayo inaitaka familia kufika mahakamani, kuthibitisha kwa ushahidi wa daktari kwamba mzee wao amepoteza akili, na kuomba mtu ateuliwe kuwa meneja wa mali yake. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 ilifuta mtazamo wa zamani uliomwona mgonjwa wa akili kama mtu wa kufungiwa, lakini kwa familia ya kawaida safari ya kupata mamlaka juu ya mali bado inapita kwa wakili na kwa jaji. Ugumu wake hauko katika gharama peke yake. Usahaulifu wa uzeeni huja kwa hatua: mzee anaweza kutojua siku ya leo na bado akajua kwa hakika ni binti yupi anamwamini. Sheria inayomtaka mtoto amtangaze mama yake mbele ya mahakama kuwa mtu asiye na akili, ili apate tu kumlipia dawa kwa fedha zake mwenyewe, inamdhalilisha mzazi na kumtia haya mtoto, na ndiyo maana wengi huikwepa.

Ulinzi mwingine ambao watu hudhani upo ni ule wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, inayokataza mtu kuuza au kuweka rehani ardhi ambayo familia inaishi bila ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa. Kifungu hicho kimeokoa nyumba nyingi. Lakini kinga yake ni mwenzi, na mwenzi akifa kinga hufa pamoja naye. Mjane au mgane, ambaye umri na upweke vimemweka katika hatari kubwa kuliko alipokuwa na mwenzake, ndiye hasa ambaye nyumba yake inaweza kuuzwa bila sheria kumtaka mtu mwingine yeyote aseme neno.

Mila nazo zina sehemu yake katika suala hili, na si haki kuzitaja kama kikwazo tu. Miongoni mwa Waganda, wosia, ambao kwa Kiganda huitwa ekiraamo, ni jambo linalofahamika na kuheshimiwa. Ukoo hukutana katika sherehe ya okwabya olumbe, yaani kuhitimisha msiba, na hapo omusika, mrithi wa kimila, huvikwa lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, na kutambulishwa mbele ya watu. Kinachosahaulika ni kwamba omusika hukaa katika nafasi ya marehemu kwa jina, heshima na wajibu, na kwamba sheria ya nchi humpa asilimia 1 ya mali na si zaidi, isipokuwa kama ni mzao au ana fungu jingine. Kijana anayedhani kwamba lubugo ni hati ya kiwanja huanza kujiona mmiliki hata kabla ya msiba. Aidha, familia nyingi bado huogopa kumtajia mzee habari za wosia, kwa kudhani kwamba kufanya hivyo ni kumtakia kifo, na ukimya huo wa heshima ndio unaowapa nafasi wasio na heshima.

Kwa kuzingatia hayo, Waheshimiwa Wabunge wanaombwa kuwasilisha mswada wenye mambo manne.

La kwanza ni hati ya uwakilishi inayodumu, ambayo mzee ataiandika akiwa na akili timamu na ambayo haitakoma akiipoteza. Ili isigeuke kuwa leseni ya wizi, hati hiyo itiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili wasionufaika nayo, kama ilivyo kwa wosia, ambapo shahidi anayepewa zawadi katika wosia anaoushuhudia huikosa zawadi hiyo. Iambatane na maelezo ya daktari aliyemwona mzee siku hizo. Isajiliwe kabla ya kutumika. Na mwakilishi atoe hesabu kila mwaka kwa ofisi ya umma, huku ndugu wengine wakiwa na haki ya kuisoma.

La pili ni kuwapa mahakimu wa ngazi za chini mamlaka ya kusikiliza maombi ya usimamizi wa mali ndogo za wazee walio hai, kama wanavyosikiliza mirathi ndogo za waliokufa, na kuruhusu amri zenye mipaka, kwa mfano amri ya kukusanya kodi na kulipa matibabu pekee, bila kumvua mzee haki zake nyingine zote.

La tatu ni kuziba tundu la Sheria ya Ardhi, ili pale mzee asiye na mwenzi anapouza nyumba anamoishi, mauzo yasikamilike mpaka afisa wa umma azungumze naye peke yake, bila mtoto wala mnunuzi kuwapo, na aandike kwamba ameelewa anachouza, kwa bei gani, na atakwenda kuishi wapi.

La nne ni huduma ya wosia iliyo karibu na watu. Nchini Tanzania, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, unaojulikana kama RITA, huwasaidia wananchi kuandika wosia na kuwahifadhia. Uganda inaweza kuipa Ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu kazi kama hiyo katika kila wilaya, ikiwa na kielelezo cha wosia kwa Kiganda, Kinyankole, Kiacholi na lugha nyingine, na kwa Kiswahili, ambacho marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Kielelezo hicho kiwe na nafasi kwa Muislamu anayetaka wosia wake ufuate mpaka wa theluthi moja na mafungu ya urithi ya dini yake. Pamoja na hayo, fungu la asilimia 4 litazamwe upya kwa ajili ya wazazi wazee wanaowazika watoto wao.

Yatakuwapo mapingamizi. Itasemwa kwamba hati inayodumu itawapa watoto wakorofi silaha. Lakini silaha hiyo wanayo tayari, nayo ni namba ya siri ya simu na dole gumba la mama, na tofauti ni kwamba leo hakuna rejista, hakuna hesabu na hakuna wa kuuliza. Itasemwa pia kwamba Mwafrika hutunzwa na familia wala hahitaji karatasi. Lakini familia inayotunza ndiyo inayoteseka zaidi bila karatasi, kwa kuwa mtoto anayeuguza ndiye anayekataliwa benki na ndiye anayeshukiwa na ndugu waliokuwa mbali. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa Addis Ababa Januari 2016, nayo inatambua haki ya mzee kufanya maamuzi yanayomhusu na kumteua mtu amtakaye kutekeleza matakwa yake, na hakuna anayeweza kuiita itifaki hiyo fikra ya kigeni.

Wakati mswada ukisubiriwa, familia hazilazimiki kukaa zikitazama. Mtu yeyote aliyefikisha miaka 18 na mwenye akili timamu anaweza leo kuandika wosia, kuutia sahihi au alama yake mbele ya mashahidi wawili wasiorithi, na atie sahihi kila ukurasa. Anaweza kuorodhesha vyumba, vibanja, akaunti na madeni yake. Anaweza kuwaita watoto wote siku moja na kuwaambia kwa kinywa chake nani atakusanya kodi na nani atashika daftari. Asasi kama FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa mwaka 1974, hutoa msaada wa kisheria kwa wasioweza kumlipa wakili.

Lakini wosia haufanyi kazi mpaka mwenye nao afe, na orodha ya mali si mamlaka ya kulipa hospitali. Mamlaka hayo hayawezi kutolewa na familia; hutolewa na Bunge. Hukumu ya mwaka 2007 ilisubiri miaka 15 kupata sheria, na wajane wengi waliostahili kufaidika nayo hawakuiona. Mzee ambaye mwaka huu bado anaweza kumtaja kwa jina mtoto anayemwamini huenda mwakani asiweze. Waheshimiwa wanaombwa mswada huo uandikwe, usomwe na upitishwe katika muhula huu wa Bunge.

Kwa heshima na taadhima,

Mwandishi, Kampala